Usisubiri Hamu: Namna ya Kurudia Shughuli Zako Ukiwa na Sonona, kwa Mkazi wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Sonona, ugonjwa wa akili unaoitwa pia depresheni, ina dalili nyingi, lakini inayowachanganya zaidi ndugu na majirani ni kukosa hamu. Kulia wanakuelewa, kukosa usingizi wanakuelewa. Ila mtu ambaye alikuwa hakosi mazoezi ya kwaya pale Nyakato, leo anasema hajisikii, wiki ijayo hajisikii, na mwezi wa tatu sare yake ameshampa mdogo wake. Huyo ataitwa mvivu au mwenye maringo, na wengine wataanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mwenyewe naye anaamini nusu ya hayo.

Mwongozo huu unahusu kazi moja: jinsi ya kurudi kwenye shughuli wakati hamu yenyewe haijarudi. Wengi hukwama kwa sababu wanasubiri kujisikia kwanza ndipo watoke. Kwa mtu mzima wa afya mpango huo unafaa. Kwa mwenye sonona haufai, kwa sababu ugonjwa umeshika palepale panapotoka kujisikia.

Mambo huwa hivi. Sonona inapunguza uwezo wa kutarajia raha. Usipotarajia lolote zuri, huendi. Usipoenda, siku inabaki kitanda, simu na mawazo, na mawazo hayo yanazidi kukukandamiza, kesho unakuwa na nguvu pungufu kuliko leo. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Marekani aliueleza mzunguko huu kwenye miaka ya 1970, na kutokana na kazi kama yake ikazaliwa tiba inayoanzia kwenye matendo: unapanga shughuli ndogo, unaifanya ukiwa hujisikii, na hisia zinakuja nyuma yake, taratibu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Uingereza uliohusisha zaidi ya watu 400, ukaonyesha kwamba tiba hii, ikitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini waliofundishwa kazi hiyo, haikuachwa nyuma na ile ya gharama inayotolewa na wataalamu wa saikolojia. Mwaka uliofuata, huko Goa, India, washauri wa kawaida wasio na shahada za udaktari waliitumia kwenye vituo vya afya, na wagonjwa wakapata nafuu. Nayataja haya kwa sababu watu wengi wa huku hudhani tiba ya akili ni ya wenye uwezo wa kwenda Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya tiba hii unaweza kuianza na daftari la shule na kalamu.

Kabla ya yote: hospitali

Kama hamu imepotea au moyo umekuwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kuna mengine juu yake (usingizi umeharibika, chakula hakipiti au unakula kupita kiasi, uchovu usioisha, kujiona huna maana, kushindwa kutuliza akili), nenda ukapimwe. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukipewa rufaa, Mwanza mjini kuna Hospitali ya Sekou Toure, na juu kilimani kuna Bugando, ambayo ina idara ya magonjwa ya akili. Pale mapokezi huna haja ya kujieleza sana. Sema: "Sina hamu na kitu chochote na silali vizuri, naomba kuonana na daktari wa afya ya akili."

Omba pia vipimo vya kawaida. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango vinaleta uchovu na ubaridi wa moyo unaofanana sana na sonona. Kama kuna dawa unazotumia kila siku, za presha au za kufubaza virusi, zitaje zote, kwa kuwa baadhi ya dawa hugusa usingizi na hisia. Mama aliyejifungua karibuni amwambie muuguzi wa kliniki ya mtoto hapo hapo. Sonona ya baada ya kujifungua ipo, inatibika, na haina uhusiano na kumpenda au kutompenda mwanao. Na kama kuna vipindi ambavyo unakuwa kinyume kabisa, hulali na wala huchoki, unatumia fedha ovyo, una mipango mikubwa isiyo na mwisho, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa, maana huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wenye tiba yake.

Jambo moja halisubiri hatua yoyote ya mwongozo huu. Mawazo ya kufa au ya kujidhuru yakija, usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, sumu za shambani na dawa zote zikakae kwake, na mwende hospitali pamoja, hata usiku wa manane. Kumwambia daktari kwamba una mawazo hayo si kosa, na hawezi kukushangaa, anayasikia kila wiki. Kipindi hicho pia usiende ziwani peke yako, hata kama ndipo ulipozoea kutulizia akili.

Hatua ya kwanza: andika wiki ulivyoiishi, usibadilishe kitu

Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Usiiruke. Chukua daftari, na kwa siku saba andika ulichokuwa unafanya kila baada ya saa mbili au tatu. Pembeni weka namba mbili, kila moja kati ya 0 na 10. Ya kwanza ni raha: ulisikia raha kiasi gani? Ya pili ni kuweza: ulijiona umefanya kitu kiasi gani? Itaonekana hivi:

Jumanne, saa 2 asubuhi. Nimelala, macho wazi. Raha 0, kuweza 0.
Saa 4. Nimeosha vyombo vya jana. Raha 1, kuweza 4.
Saa 7 mchana. Simu, video, mpaka saa 10. Raha 2, kuweza 0.
Saa 11 jioni. Jirani amekuja kuomba kiberiti, tumeongea mlangoni. Raha 3, kuweza 1.
Saa 3 usiku. Kitandani, nawaza madeni. Raha 0, kuweza 0.

Angalia ukurasa huo. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti kwa dakika tano ameishinda simu ya saa tatu nzima. Mwenye daftari hakulijua hilo. Ukimuuliza Jumatano atakwambia Jumanne yote ilikuwa sifuri. Sonona inasahaulisha vitu vidogo vilivyokwenda sawa, ndiyo maana tunaandika siku ileile badala ya kukumbuka mwisho wa wiki. Asiyependa kuandika ajirekodi sauti kwenye simu. Anayeogopa daftari kusomwa nyumbani aandike herufi moja tu na namba zake.

Mwisho wa wiki tafuta mambo mawili. Ni nini kilikupa namba za juu, hata kama "juu" yenyewe ni 3? Na ni saa ngapi hali huwa mbaya kuliko zote? Kwa wengi ni asubuhi wanapoamka. Kwa wengine ni ile jioni ambapo mtaa mzima umerudi nyumbani, redio zinasikika kila chumba, na wewe uko gizani.

Hatua ya pili: chagua vitatu

Ninaposema vitatu namaanisha vitatu, usiandike orodha ya ishirini. Kimoja kiwe cha raha, kimoja cha kuweza, kimoja cha watu.

Cha raha ni kile ulichokuwa unakipenda kabla, au kilichokupa angalau 2 kwenye daftari. Huku ziwani hatukosi. Kuna kutembea mpaka mahali unapoliona Jiwe la Bismarck na kurudi. Kuna kukaa karibu na kivuko cha Kamanga kuangalia watu, baiskeli na magunia yakipanda na kushuka. Ni burudani ya bure kabisa. Kuna drafti ya vizibo vya soda kwenye kijiwe cha mtaani. Kuna kusukana nywele, kupika michembe kama alivyokuwa anapika bibi, kusikiliza mpira redioni, kumwagilia mchicha kwenye ndoo iliyotoboka. Siku ukiwa na nauli ya boti na kiingilio, Saanane ni kisiwa kidogo, hifadhi ya taifa tangu 2013, na unafika kabla hujachoka. Ila usianze na Saanane. Safari ya kulipia ikikuharibikia utaitumia kama ushahidi kwamba hakuna kinachokusaidia.

Cha kuweza ni kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana: kufua mashati mawili, kupanga stoo, kulipa deni la dukani la muda mrefu, kushona kipande cha wavu. Lazima kionekane kimeisha. "Kusafisha nyumba" hakiishi. "Kufagia chumba kimoja" kinaisha.

Cha watu ndicho kigumu, na ndicho kinachofanya kazi kubwa. Hapa sisemi harusi wala kikao cha ukoo. Nasema mtu mmoja, muda mfupi, mahali ambapo hutalazimika kuchangamka.

Kuhusu kuogelea, kwa sababu vijana wengi wataandika hicho: maji ya ziwa kwenye kingo zenye majani na konokono yana kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Ogelea mahali wenyeji wanapopaamini, uwe na mwenzio, na ukipenda maji kiasi hicho muulize mhudumu wa afya kuhusu dawa ya kichocho.

Hatua ya tatu: katakata mpaka ionekane kichekesho

Hapa ndipo mpango unapopona au unapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwenye sonona akiamua kubadilika huamua kwa kiburi cha afya aliyokuwa nayo. Anasema: "Jumatatu naanza mazoezi, nitakimbia mpaka Pasiansi na kurudi." Jumatatu inafika, hata kutoka kitandani kumemshinda, na sasa ana kitu kipya cha kujilaumu. Kipimo chako kiwe siku yako mbaya kuliko zote katika ile wiki uliyoandika. Kama shughuli huwezi kuifanya siku ile, bado ni kubwa, ikate tena.

Turudi kwa yule mwanakwaya. Asirudi kwenye mazoezi. Wiki ya kwanza amwombe mdogo wake ile sare, aifue, aianike. Basi, hiyo ni shughuli kamili na inaandikwa kwenye daftari. Siku nyingine asikilize wimbo mmoja wa kwaya yao kwenye simu huku akiikunja. Wiki inayofuata atembee mpaka nje ya kanisa wakati mazoezi yanaisha, amsalimie mtu mmoja, aondoke. Kisha akae kiti cha nyuma dakika ishirini bila kuimba. Kabla ya siku hiyo mwalimu wa kwaya ataarifiwe, tena kwa ujumbe mfupi, asije akamsimamisha mbele ya watu na kusema, "Jamani, aliyepotea amepatikana, tumpigie makofi." Makofi hayo yamewakimbiza wengi. Ujumbe uwe hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimekuwa naumwa, naendelea na matibabu. Jumamosi nitakuja kukaa nyuma tu, siwezi kuimba bado. Naomba usinitambulishe." Mwalimu mwenye busara atajibu "Marahaba, karibu," na atanyamaza.

Kuimba kwenyewe kunaweza kuja wiki ya tano au ya nane. Kuna atakayegundua njiani kwamba kwaya haitaki tena na anachotaka ni wale wenzake wawili wa sauti ya pili. Naye amefanikiwa.

Mfano mwingine ni wa mtu ambaye ushauri wa kawaida humwonea. Mama anayenunua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuuza rejareja. Anaamka usiku, anapanda daladala, anabeba, anauza, anarudi, anapika, anaogesha watoto. Huyu hakuacha shughuli hata siku moja, na kwa sababu hiyo hakuna anayejua anaumwa. Ukimwambia "jishughulishe" unamwongezea mzigo. Daftari lake litaonyesha kuweza 5, kuweza 6, na raha 0 mstari hadi mstari. Kwake kazi ni kupunguza na kuingiza: robo saa kwa siku ambayo hamhudumii mtu. Akae kwenye benchi la mwenzake anayeuza nyanya wanywe chai ya tangawizi, au ashuke daladala kituo kimoja kabla na kutembea bila mzigo. Binti mkubwa achukue vyombo vya usiku siku tatu kwa wiki. Atajisikia mwizi wa muda wa familia. Ajisikie hivyohivyo na achukue hiyo robo saa.

Hatua ya nne: funga kwenye saa, usifunge kwenye hali ya moyo

"Kesho nitatoka" haifiki. "Kesho saa 11 jioni, adhana ya Alasiri ikishapita, navaa viatu na kutembea mpaka kwa fundi cherehani na kurudi" inafika mara nyingi zaidi. Ishikize kwenye kitu ambacho tayari hutokea kila siku: adhana, kengele ya kanisa, taarifa ya habari, mtoto kurudi shule, maji ya bomba kufunguliwa. Viatu viwekwe mlangoni usiku.

Zile saa mbaya ulizozigundua kwenye daftari ndizo za kuwekea kitu kwanza. Kama asubuhi ndiyo mbaya, fungua mlango na ukae nje kwenye mwanga na kikombe cha chai au uji, dakika kumi. Mwanga wa asubuhi husaidia mwili kujua usiku ni lini, na usingizi ukikaa sawa sonona inapoteza msaidizi wake mkubwa.

Wavuvi wa dagaa wana ratiba ya peke yao, na miongozo mingi huwasahau. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti, na watu wanapumzika. Kwa hiyo mvuvi aandike ratiba mbili. Ya giza iwe fupi sana: kulala akirudi, chakula, salamu kwa mtu mmoja kabla ya kuingia majini. Ya mbalamwezi ndiyo ya kupangwa kwa umakini, maana ni siku mfululizo zenye fedha mfukoni, hazina kazi, na pombe iko hatua chache kutoka kwenye mtumbwi. Panga siku hizo kabla hazijafika: kushona nyavu pamoja na wenzako, usishonee chumbani, nauli ya kwenda kuona watoto, iwe Ukerewe au Sengerema, itolewe siku unayolipwa.

Masika nayo iwe na mpango wake. Anayekaa juu ya mawe ya Mabatini au Bugarika anajua mvua ikinyesha njia zinavyoteleza. Andika mbadala wa ndani kwa kila shughuli ya nje, ili mvua isiamue kwa niaba yako.

Hatua ya tano: ifanye bila kuidai raha

Ukiwa unafanya, utasikia sauti kichwani ikikuuliza kila dakika: umefurahi sasa? Jibu litakuwa hapana, na utataka kurudi ndani. Usiijibu. Peleka akili kwenye kitu unachokigusa au kukiona: harufu ya samaki wa kukaanga, uzito wa ndoo, kunguru wanaogombea utumbo wa sangara, joto la jiwe ulilokalia. Mawazo yakikuvuta, rudi kwenye jiwe.

Kabla ya kuanza andika namba unayoitarajia, ukimaliza andika iliyopatikana. Wengi wataandika "natarajia 0" na kukuta 2. Hiyo tofauti ndiyo unayoitafuta. Baada ya wiki kadhaa una kurasa zinazoonyesha kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba utabiri wako wa asubuhi huwa na makosa, na siku ukiambiwa na moyo "usiende, hakuna kitu," utakuwa na cha kuujibu.

Ikitoka 0 kweli? Inatokea. Rudia mara mbili tatu kwa siku tofauti kabla ya kuifuta, kisha weka nyingine.

Vinavyojifanya mapumziko

Simu kwanza. Siwezi kukwambia uiache, hata mimi siiachi. Ila iwekee saa zake, na isiwe kitu cha kwanza asubuhi. Bando likiisha saa 5 asubuhi, unajua siku ilikokwenda.

Kubeti kunampa mwenye sonona kitu pekee kinachomchangamsha kwa dakika tisini, kisha kunamrudisha chini na deni juu yake. Pombe hivyohivyo: inakulaza haraka, inakuamsha saa tisa usiku, na asubuhi moyo uko chini kuliko jana. Kama ulikuwa unakunywa kila siku na nyingi, usiikate ghafla peke yako. Mwili unaweza kutetemeka au kupata degedege. Ongea na daktari.

Kulala mchana zaidi ya nusu saa, kwa asiyefanya kazi ya usiku, ni kuiba usingizi wa usiku.

Watu wa nyumbani

Wapo watakaosema umelogwa, wapo watakaosema huna imani. Usibishane nao, mabishano yanakula nguvu ambazo ungezitumia kufua lile shati. Sala na jumuiya vinawasaidia watu wengi, na mtu akitaka kukuombea mwache akuombee, vidonge ukiendelea navyo. Mahali pa kukaza ni hapo tu: yeyote anayekutaka uache dawa au usirudi kliniki, awe mganga, mchungaji au shangazi, mwitikie kwa heshima na usimfuate.

Chagua mtu mmoja wa kukusindikiza. Mwambie kazi yake waziwazi, asije akaanza kukuhutubia. "Kaka, sihitaji ushauri. Nahitaji Jumatano na Jumamosi saa 11 upite kwangu tutembee mpaka barabarani. Nikisema sijisikii, nisubiri mlangoni dakika tano halafu uniulize tena." Hiyo dakika tano ni muhimu kuliko mawaidha yote atakayokupa.

Na wewe unayesindikiza: usimwambie mbona fulani ana shida kuliko wewe. Usimpangie safari ya kumshtua. Fika saa uliyosema utafika. Akikubali kutoka, usimpongeze kama mtoto aliyeanza kutembea; ongelea mpira, ongelea bei ya sato. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu, au kutulia ghafla baada ya siku za mateso, usiondoke hapo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kisha mpeleke hospitali.

Siku ikiharibika

Itaharibika. Utakaa ndani siku mbili, tatu, daftari likiwa tupu. Kuna kanuni ndogo ya siku hizo, iandike kwenye jalada la ndani sasa hivi ukiwa na nguvu: naoga, navaa nguo ya kutokea, nafungua dirisha, nakula kitu kimoja. Usijaribu kufidia vilivyokupita. Siku ya nne anza na shughuli ndogo kuliko uliyoachia.

Ukiona shughuli tatu zimekaa vizuri kwa wiki mbili, ongeza ya nne au refusha moja. Usifanye yote mawili kwa pamoja.

Lini kurudi kwa daktari

Kama umefanya haya kwa uaminifu wiki nne hadi sita na namba hazijasogea, rudi, tena na daftari mkononi. Daktari mwenye foleni ndefu ataona kwenye kurasa zako kwa dakika mbili kile ambacho ungeshindwa kumweleza kwa nusu saa. Anaweza kuanzisha dawa au kubadilisha uliyonayo. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ileile: kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, wakati mwingine zaidi, na maudhi yake, kama kinywa kukauka au kichefuchefu, huja mapema kabla ya faida. Wengi huziacha katika wiki hiyo ya pili wakisema zimewazidishia. Shughuli zako ziendelee hata dawa zikianza, kwa sababu dawa ikifungua mlango ni lazima uwe na mahali pa kwenda. Kama gharama ndiyo inakuzuia, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujaamua kukaa nyumbani.

Na nafuu ikija, ambayo wengine ndio huiona kwanza ("siku hizi umeanza kubishana tena na refa!"), usiache vidonge kwa sababu unajisikia mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea navyo angalau miezi sita baada ya dalili kwisha, na kuvipunguza kidogo kidogo chini ya daktari. Uliza tarehe ya kuanza kupunguza siku hiyohiyo ya kliniki, uiandike kwenye daftari, na uweke miadi inayofuata kabla hujatoka getini.